Mtoto aanze kazi mapema? Ndiyo, ila isiwe kazi ya kulisha nyumba

Kinubi Kavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mada hii kila ikiibuka inatugawa makundi mawili, na yote mawili huondoka yamenuna. La kwanza linasema watoto wa siku hizi wamedekezwa, mtu ana miaka kumi na minne hajui kufua hata soksi zake, wapelekwe kazini wangali wadogo wakomae. La pili likisikia tu mtoto na kazi vimetajwa pamoja, linanyanyua haki za mtoto juu na kufunga mjadala. Mimi sikai na kundi lolote kati ya hayo.

Naona mtoto afanye kazi, tena aanze mapema kuliko wengi wetu tunavyoruhusu. Lakini siku ambayo nyumba italala njaa kwa sababu yeye hakwenda kazini, hapo malezi yamekwisha. Mlezi amekuwa yeye. Mpaka wangu nauweka hapo, siuweki kwenye umri peke yake.

Nianze na hilo la mapema. Mwaka 2006 watafiti wawili, Felix Warneken na Michael Tomasello, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa miezi 18. Mtu mzima anaanika nguo, kibanio kinamponyoka kinaanguka chini, ananyoosha mkono hakifikii. Au amebeba rundo la magazeti mikono yote miwili, anagongagonga mlango wa kabati uliofungwa. Hakuna aliyewaomba watoto wale msaada wala kuwaahidi kitu. Wengi wao walinyanyuka wenyewe, wakaokota kibanio, wakafungua kabati. Mwaka 2008 wakaja na jaribio jingine, safari hii kwa watoto wa miezi 20. Waliokuwa wakipewa zawadi kila wakisaidia, zawadi ilipokoma walisaidia kidogo kuliko wenzao ambao hawakuwahi kupewa chochote.

Maana yake hamu ya kazi mtoto anayo kabla hata ya kusema sentensi ikakamilika. Wanaoiua ni sisi. Mtoto wa miaka miwili anakuja na ufagio unaomzidi kimo, tunamwambia toka hapa unanichelewesha, nenda kaangalie katuni. Miaka kumi baadaye tunamsimamisha sebuleni tunamwita mvivu.

Na kazi ya mtoto wa miaka mitatu tuiseme ilivyo: ni ya hovyo. Mpe nguo zilizokauka akunje. Shati analiviringisha kama mpira, mkono mmoja uko nje, halafu analipigapiga kwa kiganja ili "linyooke", anakuangalia usoni. Vikombe anapanga kimoja mdomo juu kingine mdomo chini. Ukikunja upya mbele yake umeshamfundisha kwamba alichofanya hakikuwa kazi, kilikuwa mchezo wa kumpotezea muda. Subiri alale, au vaa hilo shati lilivyo.

Sasa upande wa pili. Kuna wanaosema zamani watoto walichapa kazi na hawakufa. Hao naomba wasome habari za viwanda vya nguo vya Uingereza. Sheria ya Viwanda ya 1833 ilihesabiwa kuwa ya huruma, na huruma yenyewe ilikuwa hivi: wa chini ya miaka 9 asiajiriwe kwenye viwanda vingi vya nguo, wa miaka 9 hadi 13 asizidishe saa 9 kwa siku, saa 48 kwa wiki, na apate saa 2 za masomo, wa 13 hadi 18 mwisho saa 12 kwa siku. Wakaguzi walioteuliwa kuisimamia walikuwa 4. Wanne! Tena England na Wales zilianza kuandikisha vizazi kiserikali mwaka 1837, kwa hiyo umri wa mtoto ulikadiriwa kwa kumtazama kimo, na wapo waliopendekeza wakaguliwe meno. Mzazi mwenye shida alikuwa tayari kuapa kwamba wa miaka saba ametimiza tisa.

Mzazi yule hakuwa shetani. Alikuwa anahitaji ule ujira ili jioni jiko liwake. Ndiyo maana nasema tuiangalie njia ya ule ujira kabla hatujaangalia umri.

Niwaulize: mtoto wako aanze lini, kazi gani, na hela ashike nani?

Jembe Halilali

Mkuu umeandika vizuri, ila umeandika kama mtu aliyekua akila mara tatu kwa siku.

Mimi nilianza kuuza bidhaa mkononi nikiwa darasa la tatu. Nikitoka shule nabeba beseni. Nilijua faida na hasara kabla mwalimu hajafika kwenye asilimia. Nikajua kumtofautisha mteja anayeuliza bei ili anunue na anayeuliza ili aonekane ana hela. Leo nimeajiri watu, baadhi yao wana shahada. Huo ufagio wako wa miaka miwili hauwezi kumpa mtu hayo.

Sheria za kuwakataza watoto kazi zimetungwa na watu wasiojua njaa inauma upande gani.

Bwana Hesabu

Jembe, hongera, na sikukejeli. Ila wale mliokuwa mnabeba nao mabeseni wako wapi? Wewe umefika hapa kutusimulia kwa sababu ulifika. Aliyeacha shule darasa la tano kwa sababu hela ya kila siku ilimnogea, au aliyegongwa na gari akimkimbilia mteja dirishani, hayupo hapa kutuandikia. Ukitaka kujua kama beseni linajenga, hesabu mabeseni yote ya mtaa ule, usihesabu lako peke yake.

Jembe Halilali

Sawa. Na wewe hesabu waliosoma bila kugusa beseni halafu wako nyumbani wanamsubiri mama apike.

Bwana Hesabu

Hapo umenipata kidogo 😄

Mama Pacha

Nilikuwa nasoma tu, lakini acha niandike.

Nilipelekwa kufanya kazi za ndani nikiwa na miaka kumi na miwili. Niliambiwa nakwenda kusomeshwa. Mtoto niliyekabidhiwa alikuwa na mwaka na nusu, amenenepa vizuri, na mimi nilikuwa kama uzi. Usiku akilia naamshwa mimi, si mama yake. Alfajiri wa kwanza kuingia jikoni ni mimi, na wa mwisho kuzima taa ni mimi.

Mshahara ulikuwepo. Ndugu aliyenipeleka alikuwa anakuja kuuchukua kila mwisho wa mwezi. Namsikia pale mlangoni anacheka na mwenye nyumba, mimi nina mapovu hadi viwikoni, haingii hata kunisalimia. Ile hela sikuwahi kuishika. Nilipouliza nikaambiwa unatunziwa.

Kwa hiyo mleta uzi, swali ulilolitupa mwishoni kwangu ndilo la kwanza. Hela inashikwa na nani? Na lipo jingine hukuliandika: mtoto akisema leo sitaki, kinafuata nini? Mwanangu akikataa kuosha vyombo nitamgombeza, atanuna, kesho tumesahau. Mimi ningekataa ningelala nje. Kazi ni ileile ya vyombo.

Kinubi Kavu (mleta uzi)

Pole sana dada yangu. Hilo la kukataa nalichukua lilivyo. Linapima vizuri kuliko maneno yangu yote ya juu.

Ticha wa Zamu

Mimi niko darasani, niwape ya huku.

Mtoto anayetumikishwa unamjua kipindi cha pili, haifiki hata mapumziko. Cha kwanza anajitahidi, macho yamemtoka. Cha pili kidevu kinashuka taratibu mpaka kwenye daftari, kalamu bado iko mkononi, inachora mstari unaoteremka hadi nje ya ukurasa. Ukimwamsha anaanza kuomba msamaha kabla hajajua nani amemwamsha. Huyo huwezi kumwita mvivu, huyo ameshafanya zamu nzima kabla ya kengele.

Lakini pia ninao wasiofanya chochote nyumbani, na hao nao wana shida yao. Ukimpa ufagio anaushika kama nyoka. Kazi ya kundi akipewa anasubiri mwenzake amalize. Hesabu ikimshinda mara moja anaweka kalamu chini, kwa sababu hajawahi kuhangaika na kitu hadi kikakubali.

Kwa wakubwa wa sekondari wanaofanya vibarua baada ya masomo, tafiti nyingi za Marekani huurudia mpaka uleule wa takribani saa 20 kwa wiki. Chini sana ya hapo madhara kwenye masomo huwa madogo au hayaonekani. Juu ya hapo usingizi unapungua, maksi zinashuka, na utoro unaingia. Bila shaka anayefanya saa nyingi huenda alishakata tamaa na shule kabla ya hiyo kazi, kwa hiyo tusimalizie lawama zote kwenye kazi. Ila mimi mwenyewe ukiniambia mwanafunzi wangu anafanya saa tano kila siku baada ya shule, sihitaji utafiti.

Kalamu Nyekundu

Naona watu wanataja "sheria" bila kusema zinasemaje. Nizilete kwa ufupi, maana hazikatazi kila kitu kama Jembe anavyodhani.

Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka umri wa chini wa kuajiriwa usiopungua miaka 15, na usiwe chini ya umri wa kumaliza shule ya lazima. Nchi ambayo uchumi na elimu yake havijakaa sawa inaruhusiwa kuanza na 14. Kazi nyepesi, isiyodhuru afya wala kumtoa mtoto shuleni, inaweza kuruhusiwa kuanzia 13, au 12 kwa hizo nchi nilizozitaja. Kazi ya hatari ni 18. Kisha ukaja mkataba namba 182 wa mwaka 1999 kuhusu zile mbaya kupita zote: utumwa, ukahaba, kuwapeleka watoto vitani, kuwatumia kusafirisha dawa za kulevya. Huo wa pili uliridhiwa na nchi zote wanachama wa shirika hilo mwaka 2020.

Kwa hiyo beseni la Jembe darasa la tatu linaangukia nje. Mtoto wa miaka 13 anayemsaidia mtu dukani Jumamosi asubuhi anaweza kuwa ndani, ikitegemea sheria ya nchi yake.

Jembe Halilali

Darasa la tatu ningengoja hadi 13 ningekuwa nimeshazikwa, mkuu. Mkataba unaleta chakula?

Bwana Hesabu

Jembe anauliza swali halali, na nitarudi kwake. Kwanza niweke takwimu, maana kuna picha moja kichwani mwetu ambayo haiko sahihi.

Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani na UNICEF ni kwamba mwaka 2024 kulikuwa na watoto milioni 138 waliokuwa katika utumikishwaji, milioni 54 kati yao katika kazi za hatari. Mwaka 2020 walikuwa milioni 160. Mwaka 2000 walikuwa milioni 246. Idadi imeshuka sana, japo dunia ilikuwa imejiwekea lengo la kulimaliza jambo hili ifikapo 2025 na lengo lenyewe halikufikiwa.

Tukisikia "ajira ya watoto" tunawaza kiwanda chenye giza na bwana mwenye fimbo. Asilimia 61 ya watoto hao wako kwenye kilimo. Kiwanda, mgodi na ujenzi kwa pamoja ni asilimia 13 hivi. Na makadirio ya 2020 yalionyesha kwamba asilimia 72 walikuwa wanafanya kazi ndani ya familia zao, kwenye shamba la wazazi au biashara ya nyumbani. Bosi ni baba. Bosi ni mama.

Ndiyo maana nashindwa kukubaliana kikamilifu na wale wanaosema kazi ya kwa wazazi ni malezi, ya kwa watu baki ndiyo dhuluma. Sumu ya kuulia wadudu haimuulizi mtoto kama shamba ni la baba yake.

Seremala Mstaafu

Hapo kwenye sumu ongezea tumbaku. Mtu akichuma majani mabichi yakiwa na umande au mvua, nikotini inapenya kwenye ngozi. Kichwa kinamuuma, kizunguzungu, anatapika. Mtu mzima inampata, mtoto na kilo zake chache inampata zaidi. Hajavuta hata sigara moja. Na kwa wazazi wengi inaonekana kazi ya kukaa tu na kuchuma majani, nyepesi.

Tunapima uzito wa kazi kwa jasho. Kuna kazi haitoi jasho na inamaliza mtu.

Dada Mkubwa

Mbona mnaongelea shamba na kiwanda tu? Niwaletee ya sebuleni.

Mimi ni wa kwanza kuzaliwa, nina wadogo wanne, watatu wa kiume. Nyumba ile ililelewa na mimi. Kaka zangu walikuwa wakimaliza kula wananyanyuka, sahani inabaki pale mezani na kijiko ndani, kana kwamba sahani ina miguu. Nikilalamika naambiwa unafundishwa kuwa mwanamke. Wao walikuwa wanafundishwa nini?

Kwenye takwimu za kimataifa kuna kipimo kinachohesabu kazi za nyumbani zisizo na malipo: kwa watoto wa miaka 5 hadi 14, zikifika saa 21 kwa wiki zinahesabiwa kuwa zimepitiliza. Yaani saa tatu kila siku. Nimepiga hesabu ya kwangu ya wakati ule nikaacha, maana nilikuwa nazipita kabla ya Ijumaa. Na watoto wa namna yangu wakihesabiwa kwa kipimo cha kazi za kipato peke yake hatuonekani kabisa, tunaandikwa kwamba tuko nyumbani.

Kwa hiyo Kinubi Kavu, uzi wako mzuri, lakini nauliza: huyo wa miaka mitatu anayekunja shati ni wa kike au wa kiume?

Kinubi Kavu (mleta uzi)

Wa kiume, dada. Na vyombo anaosha.

Dada Mkubwa

Endelea.

Kalamu Nyekundu

Kuna jambo linanisumbua, naliweka mezani bila jibu. Bolivia, mwishoni mwa 2013, watoto wanaofanya kazi waliandamana kudai WARUHUSIWE kufanya kazi. Walikuwa na chama chao kabisa. Mswada ulikuwa unawakataza walio chini ya 14, wao wakasema mkitukataza tutaendelea kufanya kwa kujificha, na mtu anayejificha hawezi kwenda kumshitaki mwajiri asiyemlipa. Mwaka 2014 sheria ikapita: kuanzia miaka 10 kwa anayejiajiri, 12 kwa anayeajiriwa, kwa masharti. Baadaye mahakama ya katiba ikakitengua kipengele hicho na nchi ikarudi kwenye 14.

Hoja ya wale watoto siidharau. Lakini mtoto wa miaka kumi anayedai haki ya kufanya kazi anaongea kutoka mahali ambapo chaguo jingine halipo. Nikimpa kazi au njaa, atachagua kazi, halafu nitasema amechagua?

Jembe Halilali

Ahaa, sasa tunaelewana. Ndicho ninachosema tangu mwanzo. Mnamnyang'anya beseni halafu hamumpi kitu. Haya, mkishamnyang'anya?

Bwana Hesabu

Nilisema nitarudi kwako. Hili limeshatokea, tena kwa kiwango kikubwa.

Bangladesh, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bunge la Marekani lilipelekewa mswada wa kuzuia kuingiza bidhaa zilizotengenezwa na watoto. Mswada wenyewe haukupita hata kuwa sheria. Lakini wenye viwanda vya nguo waliingiwa na hofu ya kupoteza soko, wakawafukuza watoto wanaokadiriwa kufika 50,000, wengi wao wasichana. Watu wa UNICEF na wenzao walipowafuatilia wakakuta wengi hawakwenda shule. Walikwenda kuponda mawe, kuhangaika mitaani, na wengine kwenye ukahaba. Kazi zilizokuwa mbaya kuliko ile waliyoondolewa. Ilibidi mwaka 1995 wenye viwanda, UNICEF na Shirika la Kazi Duniani wasaini makubaliano: mtoto asifukuzwe kabla hajapata nafasi ya shule, na familia ipewe posho ya kufidia kipato.

Kwa hiyo Jembe uko sawa kwenye hilo: kumnyang'anya beseni peke yake ni ukatili wenye nia njema.

Ila hitimisho lako silikubali, kwamba basi abaki na beseni. Angalia Vietnam. Miaka ya 1990 serikali ililegeza vizuizi vya kuuza mchele nje, bei ikapanda kwa mkulima. Ungetegemea wazazi wawaongeze watoto shambani maana sasa kilimo kinalipa, sivyo? Watafiti waliofuatilia kaya zilezile kati ya 1993 na 1998 walikuta kinyume. Palipopanda bei zaidi, kazi za watoto zilipungua zaidi. Wazazi walipopata ahueni, kitu cha kwanza walichonunua ni muda wa mtoto wao. Meksiko nako, kuanzia 1997, serikali ilianza kuwalipa akina mama kwa sharti mtoto aonekane darasani, na kwa wasichana wa sekondari malipo yalikuwa juu kidogo kuliko ya wavulana, kwa sababu wao ndio waliokuwa wanatolewa shule kwanza. Mahudhurio yakapanda, kazi zikapungua.

Mzazi wa yule mtoto wa 1833 aliyeapa uongo kuhusu umri, ungempa ule ujira kwa njia nyingine angesema ukweli.

Mama Pacha

Mimi hapo nina mashaka. Ndugu yangu angepewa hiyo hela angeichukua na mimi angenipeleka vilevile. Si kila anayemtuma mtoto ana njaa.

Bwana Hesabu

Kweli. Huyo wako alihitaji polisi, hakuhitaji posho.

Seremala Mstaafu

Vijana mmeongea mambo ya dunia, mimi nataka kurudi kwenye benchi.

Nimefundisha watoto wa watu ufundi maisha yangu yote. Anayekuja kujifunza na anayekuja kutumika unaweza kuwatofautisha kwa jambo dogo sana: je, kazi yake inabadilika? Kijana akija kwangu mwezi wa kwanza anafagia maranda na kupanga misumari kwa saizi. Sawa. Wa pili anapiga msasa. Halafu anashika futi, anapima, anakosea, ubao unaharibika, hasara yangu. Halafu randa. Ukikuta karakana ambayo kijana bado anafagia maranda mwaka mzima baadaye, pale hakuna mafunzo, mwenye karakana amepata mfagiaji wa bure.

Na hasara ya ubao ndiyo ada ya fundi. Anayetaka mwanafunzi asiyeharibu kitu anataka kibarua.

Ubaya wa uzoefu wangu ni kwamba mafundi wenzangu wengi hawataki kusikia hili. Watakwambia na sisi tulifagia miaka mitatu.

Ticha wa Zamu

Mzee hilo la kazi inayobadilika nitaliiba. Hata darasani linafanya kazi: kiranja wa kupiga kengele miaka minne mfululizo hajifunzi uongozi, anajifunza kuangalia saa.

Jembe Halilali

Nikubali kitu kimoja halafu nikae kimya. Wanangu hawabebi beseni. Wanakaa dukani Jumamosi, wanajua hesabu za duka, wakichoka wanaondoka. Mke wangu ananiuliza mbona wewe unasifia sana beseni na wanao hujawapa. Sijamjibu mpaka leo.

Dada Mkubwa

Tumekusoma hapo juu, sasa tumejua jibu 😂

Mgeni Njiani

Samahani wakuu nimechelewa, nimesoma zote. Nina la haraka na ni la kweli, si nadharia. Mtoto wa dada yangu ana miaka kumi na mitatu, shule zimefungwa. Kutwa anashinda gereji ya jirani, anapenda magari kufa. Fundi amesema yuko tayari kumpokea likizo nzima. Dada anaogopa, shemeji anasema aende. Wameniachia mimi niamue. Nifanyeje?

Seremala Mstaafu

Aende. Ila wewe nenda kwanza, kaa pale nusu siku kama mteja, uangalie.

Tazama gari likinyanyuliwa. Wakiingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, bila stendi wala magogo, mrudishe nyumbani hata kama fundi ni mchungaji. Tazama wanaoshea nini vipuri. Kama ni petroli na mikono mitupu, mtoto asiguse. Kuchomelea asikaribie, na asisimame karibu akitazama ule mwanga, vijana hupenda kuutazama. Asiingize mkono kwenye injini inayowaka, mkanda wa feni hauna huruma. Maji ya betri vilevile.

Aanze na kupanga spana, kuzijua namba zake, kushika tochi, kuandika vipuri vilivyofunguliwa na mpangilio wake. Hiyo ya kuandika ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana na mafundi wengi hawaiwezi.

Mama Pacha

Na umuulize mtoto mwenyewe peke yake, fundi hayupo, shemeji hayupo. Na mwambie mbele ya fundi kwamba siku yoyote akitaka kuondoka anaondoka. Fundi asikie.

Kinubi Kavu (mleta uzi)

Hela je? Fundi amesema atampa chochote?

Mgeni Njiani

Amesema atampa kidogo kila wiki, shemeji akasema apewe yeye amtunzie.

Mama Pacha

Apewe mtoto mkononi. Hata kama ataila yote siku hiyohiyo.

Mgeni Njiani

Nimeelewa dada. Na muda? Fundi anasema aje saa moja asubuhi, waondoke wote saa kumi na mbili jioni.

Seremala Mstaafu

Hiyo ni zamu ya mtu mzima. Saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, siku nne kwa wiki, halafu akacheze mpira. Fundi akikataa muda huo basi alikuwa anatafuta kibarua, mshukuru na utafute gereji nyingine.